Nyumba Iliyojengwa Ijumaa

Mume wangu aliijenga nchi. Hivyo ndivyo watu walivyosema alipokufa, na mimi nikacheka hadi mama mkwe akanifinya. Jethro Nyasani, kiongozi wa askari waliorudi kutoka vitani, Kenya nzima! Aliporudi kutoka Burma mwaka wa arobaini na sita alikaa nami wiki tatu tu, kisha akashika njia: leo Mombasa, kesho Nyeri, akidai shule, zahanati, mashamba ya waliolemaa. Vingi alivipata. Nyumba yetu ilikuwa imeangushwa na mvua yeye akiwa vitani, nami nikahamia jikoni kwa mama yake, hapa Sironga. "Nitajenga, Orpah," aliniambia kila alipopita. Mganga hajigangi.

Alifariki Jumanne moja ya mwaka wa hamsini na moja, kwa homa ya mapafu, huko Nakuru. Alhamisi jioni lori lilimleta kupitia Keroka, na nasikia watu walivua kofia barabara nzima. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo ilibidi azikwe Ijumaa kabla ya jua kutua, Sabato inapoanza. Lakini kwetu mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, na Jethro hakuwa na nyumba. Kaka yake Mogire aliniita kando.

"Mama Nyaboke, hawezi kulala ubavuni mwa jiko la mama. Bila nyumba tutampeleka kule kwenye ua wa mpakani, kama kijana asiyeoa."

Kama asiyeoa! Basi mimi na binti yangu tulikuwa nani? Lakini hasira ilikuwa imenijaa. "Mpelekeni," nikamjibu.

Mogire hakunisikiliza. Aliita risaga, ile kazi ya majirani wote. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umeimeza migomba, nikasikia shoka, kisha mtu akikohoa, kisha nguzo ikitua chini. Nilidhani naota. Watu walitoka ndani ya ukungu mmoja mmoja, wengine askari wenzake waliokuja kumzika kutoka mbali kama Nyamarambe, wamebeba nyasi, fito na kamba. Mwenye mkono mmoja alikaza fundo kwa meno. Wanawake walikanyaga udongo wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Nikitazama pembeni na kurudisha macho, nakuta ukuta umeota.

Saa nane nyumba ilikuwa imesimama. Kilichobaki ni moto. Mke ndiye huwasha moto wa kwanza, na bila moto wake hiyo ni banda tu, kaburi halichimbwi. Mogire aliniletea makaa kwenye kigae. Sikuyapokea. Wacha wangoje, nikawaza, mimi nimengoja miaka minane tangu ile mvua.

Hapo akatokea mtu mrefu mgongoni kabeba mlango mzima, wa mbao, na bawaba zake. Akautua mbele yangu akihema.

"Shemeji, mimi Ouko. Tulikuwa na Jethro Burma. Nilijua hana nyumba, natembea tangu jana. Hii mlango ni ya nyumba yangu, nimetoa."

"Na wewe utafunga nini?"

"Nitaweka gunia." Akajifuta jasho. "Ile shamba yangu, Jethro ndio alinipigania. Nikajenga. Kila akipita anasimama hapo mlangoni, anapapasa mbao, anasema, 'Orpah angependa hii.'"

"Alisema hivyo?"

"Kila mara. Akiona dirisha kwa mwenzetu Obura, Orpah. Akiona jiko ya mtu, Orpah. Sisi tulikuwa tunamcheka, shemeji, samahani."

Nililia, sifichi. Nililia kwa uchungu na kwa hasira iliyokosa pa kwenda. Huko kote alikokuwa akiwajengea wengine, alikuwa akitembea na nyumba yangu kichwani, chumba kwa chumba, na mjinga yule hakuwahi kuniambia.

Nikachukua kigae. Ndani ya nyumba kulinukia udongo mbichi. Nilipiga magoti, nikapuliza, nyasi kavu zikashika, moshi ukapenya juu kwenye paa, na nje nikasikia majembe yakianza upande wa kulia.

Tulimzika jua likiwa bado juu ya migomba. Watu wote walipoondoka kwenda kuipokea Sabato, niliketi ndani, nikaufunga mlango wa Ouko, nikaegemea ukuta wa kulia ambao bado ulikuwa na unyevu. Kwa mara ya kwanza tangu vita, nilijua mume wangu analala wapi.