Mashindano ya Kwanza Bila Kaka

Fundi friji na kaka yake walianza mazoezi ya mashindano ya michezo mitatu kama kila mwaka: kuogelea alfajiri, baiskeli jioni, mbio Jumapili. Wiki ya tatu kaka akapatwa na kiharusi. Fundi akaendelea peke yake, shingo upande, kwa kuwa majina yao yote mawili yalikuwa yameshaandikishwa.

Siku ya mashindano alitoka majini akihema. Akaikuta baiskeli yake kando ya nafasi ya kaka iliyokuwa tupu, namba ya kaka imebandikwa. Akasimama akiitazama namba ile huku wenzake wakiondoka na baiskeli zao. Alipomaliza mbio, akiwa wa mwisho kabisa, waandaaji walikuwa wakikunja utepe.

Alipitia hospitalini alikolazwa kaka, na jasho lake.

"Umekuwa wa ngapi, mdogo wangu?" kaka aliuliza, ulimi mzito.

"Nimeshika mkia."

"Na mimi je?"

"Umenishinda, kama kawaida yako."

Kaka akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Kesho tupumzike basi. Keshokutwa unipitie twende bwawani."

"Nitakupitia," alisema fundi, akageukia dirishani machozi yake yasionekane.