Mikono Thelathini na Mmoja

Darasa la pili lilikuwa na watoto mia moja themanini na sita, madawati thelathini na moja na mwalimu mmoja. Watoto walikaa sita sita kwenye dawati la watu watatu, na wa pembeni waliandika wakiwa wameegesha tako moja tu. Shule ipo Mpemba, nyuma ya maegesho ya malori. Malori yakiwashwa kwa pamoja asubuhi, Mwalimu Jenista alinyamaza mpaka moshi upite madirishani, kisha aliendelea na herufi ileile.

Jumatatu ya pili ya Februari, saa mbili kasoro dakika ishirini, Gwantwa aliingia darasani humo kwa sababu alikuwa ameitwa. Alikuwa msusi mwenye banda karibu na mpaka, na saa tatu alikuwa na mteja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyetaka rasta ndogondogo za kwenda nazo harusini.

"Mama Tumaini," Mwalimu Jenista alimwambia, "mwanao anashika penseli kama kijiko. Novemba kuna upimaji. Asiyejua kusoma anarudia darasa."

"Na wewe mwalimu unafanya nini?"

"Nagawanya. Kipindi ni dakika thelathini. Kila mtoto ana sekunde tisa. Za Tumaini nimezimaliza nikimtafuta alipokaa."

Gwantwa alikuja na maneno mengi ya kumwambia mwalimu, na yote yalimwishia hapo. Akapenya katikati ya watoto, akakaa dawati la kumi na nne, akaufunika mkono wa binti yake kwa mkono wake wa kulia. Wakaandika *a*. Wakaandika *ba*. Abdul, mtoto wa msusi mwenzake Fauzia, alikuwa amebanwa ukutani, akasema na yeye ashikwe. Wakaandika wote sita, mmoja baada ya mwingine, na ilipofika saa tatu kasoro dakika kumi simu ya Gwantwa ikaita. Mteja ameshafika bandani.

Gwantwa alisimama na kuondoka. Mkono wake wa kulia, kuanzia kwenye kifundo, ulibaki juu ya dawati ukiwa umemshika Abdul. Haukutoka damu.

"Mama Tumaini, umesahau mkono," Mwalimu Jenista alisema akiwa ubaoni.

"Sijausahau. Nitaupitia saa nane."

Saa nane aliupitia. Ulikuwa na vumbi la chaki, na dawati zima lilikuwa limefika *du*.

Wiki hiyohiyo uliitishwa mkutano wa wazazi. Walikuja akina mama sabini na baba watatu, na mmoja wa hao watatu alidhani ni mkutano wa vitambulisho. Mwalimu Jenista alieleza mpango wake kwa ufupi. Kila dawati ni kikundi. Dawati halifungui ukurasa mpya mpaka watoto wote sita wausome ule walio nao, kwa hiyo anayejua atamsukuma asiyejua. Kinachohitajika ni mtu mzima mmoja wa kila dawati, na kama hana nafasi ya kukaa, basi aache mkono.

"Mie naacha wa kushoto, dawati lolote lililokosa mtu," alisema Fauzia. Alikuwa ametoka Tanga kumfuata mume dereva, na alisuka katika banda lilelile la Gwantwa. "Ndio ninaoandikia. Ila nakusihi mapema, mwalimu, usiupeleke kuchota maji. Una kucha."

"Na wanaume?" Gwantwa aliuliza.

Mmoja wa baba watatu alisema wanaume wana kazi. Akina mama sabini walimtazama. Wengi wao walikuwa wamefunga biashara zao ili waje, na wengine walikuwa na watoto wachanga mgongoni. Aliangalia saa yake, akasema anawahi, akatoka na mikono yake yote miwili mifukoni.

Mwisho wa mwezi madawati yote yalikuwa na mikono. Kulikuwa na mkono wa muuza nyanya, mkono wa mpika chapati ulionukia mafuta mpaka mchana, na mkono wa bibi mmoja kutoka Ileje aliyemlea mjukuu, mkavu, wenye sugu za jembe kiganjani. Huo ndio watoto waliouogopa na ndio walioupenda. Mkono ulimshikisha mtoto penseli, uligonga dawati alipolala, ulimpangusa kamasi. Saa nane Mwalimu Jenista alisimama mlangoni na daftari, akamrudishia kila mama mkono wake, akauliza kama kuna malalamiko.

Bandani kazi ilikuwa ngumu kwa siku nne. Kisha Gwantwa aliyebaki na wa kushoto na Fauzia aliyebaki na wa kulia walikaa bega kwa bega nyuma ya mteja mmoja, wakasuka kichwa kimoja kwa mikono miwili ya watu wawili.

"Mulishani, bamayo," mteja wa Nakonde aliwasalimu kwa lugha ya kwao, akawatazama kwenye kioo. "Leo mko nusu nusu?"

"Nusu zetu zipo shule," Fauzia alimjibu. "Tulia, usitingishe kichwa."

Uledi, mume wa Fauzia, alirudi kutoka Lubumbashi mwezi wa Aprili. Alikaa siku mbili. Abdul alimsomea maandishi yote ya kwenye mfuko wa sembe, mpaka uzito, na Uledi akatoka nje, akazunguka lori lake mara mbili kama anayekagua matairi. Kabla ya safari alipita shuleni akaacha sauti yake. Mwalimu Jenista aliiweka dirishani ndani ya kopo tupu la rangi. Ilikuwa sauti nene, iliyosoma hadithi polepole na kurudia sentensi bila kuchoka, ingawa mara mojamoja katikati ya sungura na fisi ilimtukana askari wa barabarani. Watoto walijifunza kuruka sehemu hizo. Uledi mwenyewe alipita mipaka miwili kwa kuandika kwenye karatasi.

"Shoga," Fauzia alisema, "amepiga simu jana nusu saa nzima. Hakusema kitu. Sijawahi kuelewana na mume wangu namna hii."

Mwezi wa Mei dawati la kumi na nne lilifika ukurasa wa arobaini. Tumaini alisoma mabango njiani akiwa kwenye bajaji, la duka la dawa, la kanisa, la fundi wa rejeta, na Gwantwa, aliyekuwa amesharudishiwa mkono, alimshika kwa yote miwili. Madawati ishirini na mawili yalikuwa yanasoma. Mwalimu Jenista alikuwa amepungua mwili, ila sasa alimjua kila mtoto kwa jina, na alijua nani amekuja bila kula.

Ndipo ikaja fomu ya takwimu.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Watson, aliileta kwenye kikao cha kamati. Ilikuwa na safu za walimu walioajiriwa, walimu wa kujitolea, madawati na matundu ya vyoo.

"Sisi tuko wapi hapo?" Gwantwa aliuliza.

"Hamna safu yenu, mama."

"Miezi minne sijasuka asubuhi kwa mikono miwili, halafu sina safu? Tuandike hapo kwa wanaojitolea."

"Mama Tumaini," Mwalimu Jenista alisema taratibu, "fomu hii haisomwi na mtu. Inajumlishwa tu."

"Ijumlishe. Waone kazi yetu."

Akina mama wengine walisema kweli, waone. Mwalimu Jenista hakubisha tena. Mwalimu Watson alipeleka fomu dawati la kumi na nne, kwa sababu mkono wa Gwantwa ndio ulikuwa na mwandiko mzuri kuliko yote shuleni, na mkono ukaandika kwa kalamu ya bluu, katika safu ya walimu wa kujitolea, 31. Tarakimu zilikaa vizuri kwenye mstari. Mkono hauna kinywa cha kuuliza.

Shule zilipofunguliwa Julai, Mwalimu Jenista alikuwa mlangoni na begi.

"Nimehamishiwa Itaka," alisema. "Barua inasema hapa kuna ziada."

"Ziada ya nini?"

"Ya walimu."

Aliwakabidhi daftari la mikono. Aliwaeleza ni mtoto gani hasikii sikio la kulia na ni yupi anayesingizia. Akapanda gari kwenda Itaka, ambako wazazi walikuwa bado na mikono yao yote.

Siku ya pili yake Gwantwa alipanga foleni ofisini kwa afisa anayehusika na takwimu. Alikuwa kijana mpole, mwenye kompyuta na chupa ya maji.

"Mama, darasa lenu la pili lina mwalimu mmoja kwa watoto sita," alisema. "Mengine yana mmoja kwa mia mbili. Wewe ungemtoa wapi mwalimu?"

"Ile ni mikono," Gwantwa alisema. "Haina vichwa. Inamshikisha mtoto penseli. Haiwezi kumweleza kwa nini."

"Vichwa si mnavyo wenyewe? Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Mzuri sana. Sasa andika malalamiko, yatashughulikiwa."

Mkono wa kulia ulikuwa shuleni. Gwantwa aliandika kwa wa kushoto, akikandamiza karatasi kwa kiwiko, ukurasa mzima, na jasho likamtoka. Baada ya siku tisa barua ilirudi. Pembeni paliandikwa: *Haisomeki. Aandike mtu aliyesoma.*

Alirudi nayo bandani akaiweka mbele ya Fauzia.

"Ni mimi niliyesema waone," alisema.

"Tulisema wote."

"Mimi nilianza."

"Basi waliona," Fauzia alisema. "Shika hapa, huu msuko unalegea."

Baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kuirudisha mikono saa nane. Mwalimu Watson alikuwa na madarasa manne mengine, na aliwaomba akina mama waiache mpaka Ijumaa, kwa sababu mkono ukiondoka kikundi cha dawati kinavunjika na watoto wanapanda madirishani. Wakaiacha. Kila mama kwa zamu yake alikuja na mwili mzima kwa saa moja, akaeleza alichokijua, na wale waliojua kidogo walieleza kidogo. Bibi wa Ileje hakujua kusoma. Alisimama mbele akawafundisha kuhesabu kwa mbegu za kahawa, na hesabu hiyo haikusahaulika. Sauti ya Uledi ilisoma mpaka ikakwaruza.

Agosti alikuja mkaguzi wa mali. Alihesabu madawati, milango na mikono, akaipiga namba kwa rangi nyekundu ya mafuta, nyuma ya kiganja, kama anavyopiga dawati. Mkono wa Gwantwa ulikuwa DRS II/14. Gwantwa aliusugua kwa mafuta ya taa Jumamosi yote. Wino wa kalamu ulitoka, rangi haikutoka.

"Sasa mama akienda nao nyumbani wikendi," mkaguzi alimwambia Mwalimu Watson, "awe na kibali."

Novemba watoto mia moja sabini na tisa walisoma. Waliobaki saba walisomewa majina yao kuwa wanarudia darasa, na wazazi wao waliambiwa ni uzembe wa familia. Shule ikawa ya kwanza katika kata, na ikapewa cheti chenye fremu.

Siku ya kukabidhi walifunga turubai uwanjani. Afisa mpole alishika kipaza sauti. Alisema hiki ndicho kinachowezekana wazazi wakishirikiana na shule, na kwamba hakikuhitaji hata senti moja ya serikali. Hakulitaja jina la Mwalimu Jenista, na inawezekana hakulijua.

"Tujipigie makofi," alisema.

Akina mama thelathini na mmoja walikuwa wamesimama upande wa kushoto wa turubai. Kila mmoja aligeukia jirani yake. Gwantwa alitoa wa kushoto, Fauzia alitoa wa kulia, na viganja vyao vikagongana. Bibi wa Ileje hakubaki na wa kugongana naye, akajipiga pajani.

"Mbona hafifu?" afisa aliuliza, na watu wa meza kuu wakacheka.

Januari darasa la pili lilipokea watoto mia mbili na wanane. Madawati yalikuwa yaleyale. Mikono ilikuwa ileile, kwa sababu hakuna aliyesaini kibali cha kuirudisha, na akina mama walikuwa wameshazoea kufunga kanga kwa meno. Kusuka wawili wawili kukawa ndiyo desturi ya mabanda yote ya mpakani. Wateja wa Nakonde walisema misuko imekaza zaidi.

Fomu ya takwimu ilikuja mapema mwaka huo, ikiwa imechapwa upya. Mwalimu Watson aliiweka mezani mbele ya kamati, akajishika paji la uso, akaenda kufundisha. Gwantwa alikuwa amekuja na Tumaini, aliyekuwa ameingia darasa la tatu na kusoma kila kitu kilichokaa mbele yake.

"Soma mwanangu," Gwantwa alisema.

Tumaini aliinua karatasi. "Idadi ya wanafunzi. Idadi ya madawati. Idadi ya matundu ya vyoo. Idadi ya mikono iliyopo. Idadi ya mikono inayoweza kuongezwa."

Alifika chini ya ukurasa akaugeuza. Nyuma palikuwa peupe.

"Safu ya walimu iko wapi?" Fauzia aliuliza.

"Haipo, mama Abdul."

Nje malori yaliwashwa, moshi ukapita, ukaisha. Kutoka dirisha la darasa la pili ilisikika sauti ya Uledi, imepauka, ikisoma ukurasa wa kwanza kwa watoto wapya. Gwantwa aliutazama mkono wake wa kushoto uliokuwa mezani.

"Soma tena," alisema.

Tumaini akasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi, akitua kwenye kila nukta kama alivyofundishwa. Hakukosea hata neno moja.