Mwenye Chuma Hakai Kungoja

Daktari alipotamka neno "joto", muzee Sebahire aliangalia kwanza chini ya kitanda, halafu nyuma ya mlango, akitafuta walikoficha chuma.

Hakukiona. Hapo ndipo akaanza kuogopa kweli, maana chuma kisichoonekana ni kile ambacho tayari kiko motoni.

"Papa, unatafuta nini?" aliuliza Léoncie, binti yake, aliyekuwa amemleta kutoka Munigi kwa pikipiki, amemkumbatia njia nzima kama gunia la makala ya kupikia.

"Kiti."

"Lakini umekalia kiti, Papa."

"Basi nimekipata."

Daktari Emerance alicheka. Sebahire akaandika hilo rohoni: anacheka. Kituo kile kando ya ziwa, huko Keshero, kilikuwa kipya, kuta nyeupe mpaka mtu anaona haya kuziegemea, na yeye hajawahi kuamini zizi lisilonuka.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Paja lake la kushoto lilikuwa na uvimbe mkubwa kama avoka, na uvimbe ule ulikuwa kansa. Njia zilikuwa mbili. Ama wakate mguu, ama kwanza wauchokeshe uvimbe kwa kinini cha kumeza, kwa joto na kwa miale ya mashini. Ukisinyaa, watautoa uvimbe peke yake, na mguu utabaki na mwenyewe.

"Joto peke yake haliui hii kitu, Papa," Emerance alieleza. "Ndani ya nyama yako nzima damu inapita vizuri, inabeba joto inaenda nalo. Ndani ya uvimbe damu inapita vibaya, joto linabaki mule. Uvimbe unalegea. Kinini nacho kinauzuia kujishona. Miale ikifika, inaukuta hauna nguvu ya kujitetea."

"Nimesikia," alisema Sebahire, kwa sauti ya mtu anayeuziwa ng'ombe mwenye chuchu tano.

Alikuwa na sababu zake. Kule milima ya Masisi, kabla vita haijamteremsha mpaka Munigi, Sebahire ndiye aliyekuwa akiitwa kila ng'ombe aliposhikwa na homa ya kupe na kuvimba chini ya masikio. Alikuwa anatia chuma motoni mpaka kinakuwa chekundu, anachoma uvimbe, ng'ombe analia, mwenye ng'ombe anashukuru. Lakini kulikuwa na siri moja ambayo hakuna mwenye ng'ombe aliyeijua. Chuma hakitoki siku ya kwanza. Yanaanza majani, inafuata sindano ya veterineri, yanafuata maombi. Chuma kinatoka mwisho, baada ya Sebahire kumtazama ng'ombe machoni na kuona kwamba huyu anaenda kufa. Hapo anachoma, ili wenyewe waseme walijaribu yote, kisha anachukua fimbo yake na kuondoka mbio. Mwenye chuma hakai kungoja.

Sasa hawa nao wamefika kwenye joto. Tena wanatabasamu. Hata yeye, kabla ya kuchoma, alikuwa anatabasamu.

Asubuhi ya kwenda kuanza, Léoncie alimpa kinini na maji. Sebahire alikunywa maji vizuri sana, mpaka koo likalia. Kinini kilibaki shavuni, kisha kikahamia kwenye kitambaa cha mfukoni. Alijua dawa ya namna ile: ya kumtuliza ng'ombe asipige teke. Halafu akajifungia chumbani, akachota mafuta ya maziwa ya ng'ombe kwenye kibuyu na kujipaka paja lote, tabaka nene, kama alivyokuwa akiwapaka ng'ombe ngozi isipasuke. Akavaa suruali juu yake. Kama watachoma, wachome, lakini watakuta mtu amejitayarisha.

Njiani Léoncie alinusa, akanusa tena. "Papa, kuna mutu anakaanga kitu?"

"Ni pikipiki."

"Mimi nauza maziwa na fromaji sokoni kila siku, Papa. Pikipiki hainuke maziwa."

Kwenye kitanda, Emerance alipofunua paja, alisimama mkono hewani. Paja lilikuwa linang'aa kama sufuria mpya.

"Papa Sebahire. Hii ni nini?"

"Ni mwili wangu."

"Na juu ya mwili wako?"

"Yezu wangu!" Léoncie alipiga makofi. "Nilisema mimi! Kibuyu kizima cha kungojea Noeli!"

Emerance hakucheka safari hii. "Papa, haya mafuta yangeshika joto hapa juu ya ngozi, yangekuunguza wewe, uvimbe ungebaki unapumzika. Na kinini? Ulimeza?"

Sebahire alimtazama machoni, namna alivyokuwa akitazama ng'ombe. Kisha akatoa kitambaa, akakifungua. Kinini kilikuwa kimelowa, kimeshikana na tumbaku.

"Mwanangu," akasema, "uniambie kweli. Mumekata tamaa juu yangu? Mimi nilichoma ng'ombe wengi. Sikuchoma hata mmoja niliyedhani atapona."

Léoncie alishika mdomo.

"Sikuahidi mguu," Emerance akasema polepole. "Lakini ningekuwa nimekata tamaa, ningekuachia mafuta yako na sala, uende nyumbani. Joto ni ya kuanza, Papa, haiko ya kumaliza."

Maneno mazuri. Hata yeye alikuwa nayo mazuri kwa wenye ng'ombe. Alikubali kuoshwa kwa sabuni, akameza kinini kipya, akafungua mdomo mpana ili waone. Wakamwekea mfuko wa maji juu ya paja na nyuzi nyembamba za kupima joto. Aliuma meno. Joto lilikuja pole, likapanda, likasimama pale pale joto la sikio la ng'ombe mwenye homa linaposimama. Hakuna kilichonuka kuungua. Emerance alivuta kigoda akakaa, macho kwenye namba. Mtu akamwita mlangoni, akajibu, "Angoje." Sebahire alijifanya amelala, jicho moja wazi, mpaka mwisho. Daktari hakuondoka.

Kidogo amwamini. Ndipo wakamsukuma chumba cha miale, wakamlaza chini ya mashini kubwa, na Emerance akasema, "Usitikisike, Papa," akatoka. Wote wakatoka. Mlango mnene kama wa benki ukajifunga.

Kumbe! Wameondoka mbio, fimbo mkononi. Sebahire akainua kichwa, akapima umbali kutoka kitandani mpaka mlangoni.

"Papa, rudisha kichwa," sauti ya Emerance ilisema kutoka ukutani. "Hapa mutu mwenye si mugonjwa haruhusiwe kubaki. Lakini niko nakuona."

Ukuta unaweza kusema chochote. Sebahire alirudisha kichwa, akafikiri kidogo, kisha akautolea ukuta ulimi wote, mpaka kidevuni.

"Na ulimi pia," ukuta ukasema.

Akaurudisha. Akatulia kama jiwe la volkano, na mashini ikaanza kunguruma.

Nje, Léoncie alimkimbilia. "Walikuchoma, Papa?"

"Bado niko nawachunguza," alisema Sebahire, akiegemea ukuta mweupe. "Kesho ulete kinini na maji ya kutosha. Kibuyu kibaki nyumbani."