Injini Isiyo na Kizibo

Des Kuhlmann alibana mpini wa bisibisi kwa meno, akaiegemeza ncha yake kwenye bomba, kisha akaligonga bomba kwa nyundo. Hivyo ndivyo alivyokisikiliza chuma tangu masikio yamtoroke: kwa meno. Mtetemo ulimpanda tayani ukamwambia kwamba mshono hauna ufa.

Bomba lenyewe, injini aliyoiunda mwenyewe, lilikuwa la bati jembamba la chuma cha pua, limekunjwa kama pini ya nywele, limefungwa kwa minyororo kwenye kipande cha reli nyuma ya nyumba. Upande mmoja mkia mrefu, upande mwingine mdomo mfupi, kati yao tumbo la moto. Hakuna pistoni, hakuna gurudumu, hakuna hata vali. Gesi ingelipuka tumboni, ikimbilie nje, iache ombwe. Ombwe livute hewa mpya, moto ulipuke tena, mara mia kwa sekunde. Daktari alikuwa amemwambia kuwa sikio la kushoto limebakiza chembe ya sauti nzito, nayo haitaliona joto la Krismasi ijayo. Des alitaka, kabla mlango huo haujafungwa, asikie kitu kimoja alichokiunda kwa mikono yake.

"Hii ni mara ya saba," alisema jirani yake, Merle Trezise, mjane wa dereva wa winchi, akimsogelea ili Des amsome midomo. "Ikigoma leo naichukua nikapandie nyanya."

"Washa upepo, bibie, punguza domo."

Merle akaelekeza kipulizia majani kwenye mdomo wa bomba. Des akafungua gesi, akabonyeza cheche. Bomba likatema mwali mmoja, likakohoa, likafa.

Merle akainama kuchungulia. "Des, hii pete ya nini?"

"Pete ipi?"

"Usijifanye kiziwi! Umechomelea pete humu ndani. Mchoro una pete?"

"Mchoro umeacha tundu wazi kama pango! Nguvu zote zitavuja."

"Mzee wewe, unaiziba pua halafu unashangaa haipumui!"

Tangu ujanani Des alifundishwa kwamba tundu ni adui. Boila ikivuja, mtu huzikwa. Kwenye karakana ya reli yeye ndiye aliyeingia tumboni mwa boila kushikilia ribiti, misumari minene ya kuunganisha mabati, huku mwenzake Vern Obst akizigonga kwa nje. Kila pigo la Vern lilimpasukia kichwani. Wafanyakazi walipoanza kudai fidia ya masikio yao, mabwana wa reli walileta karatasi iliyosema uziwi huo ni wa uzee. Uzee, kwa mtu wa miaka thelathini na minane! Atakayetia saini abaki kazini. Des alitia. Vern alikataa, akatolewa getini kabla ya chai ya saa nne.

Nyumba zao zilitazamana. Miaka thelathini na moja hawakuwa wamepeana hata salamu. Vern aliapa hatamsemesha mtu aliyeuza masikio ya wenzake. Na Des, fundi wa kuziba, aliuziba na mdomo wake.

Aliitazama ile pete. Ilikuwa kazi safi, kazi ya kujivunia. Akachukua mashine ya kukatia, akaing'oa.

Upepo. Gesi. Cheche.

Kwanza mbavu zilijua. Kisha soli za viatu, kisha meno bila bisibisi. Merle aliachia kipulizia akaziba masikio, mdomo wake ukitamka maneno ambayo mjane wa kanisani hapaswi kuyajua. Des akachomoa waya wa cheche. Moto haukumhitaji tena. Tumbo la bomba liliwiva jekundu, halafu rangi ya chungwa, na katika sikio la kushoto, mbali, kama nyuki ndani ya chupa, kitu kikavuma.

Alikisikia.

Machozi yalimtoka wala hakuyafuta. Alipoinua macho aliona milango ya mtaa ikifunguka. Wazee wa karakana walitoka mmoja mmoja, wale ambao honi haiwaamshi wala simu haiwaiti. Mmoja aliweka kiganja kifuani. Mwingine alishika uzio wa bati kwa mikono miwili, akicheka. Des aliwahesabu: tisa. Tisa wenye uzee uleule, kutoka karakana ileile.

Wa kumi alivuka barabara polepole kwa mkongojo, akasimama langoni.

Des akafunga gesi. Bomba likazima, chuma kikabaki kinang'aa.

Midomo ya Vern Obst ilitikisika. Ndevu ziliifunika, Des hakuambulia hata neno moja. Akaenda langoni, akalifungua, akamgeuzia sikio la kushoto.

"Sema tena, Vern," alisema. "Sema kwa nguvu."