Kabari Chini ya Gurudumu

Mkewe alilipiga pasi lile shati mara mbili, utadhani mtihani wa leseni ya malori ni mtihani wa kola. "Simama vizuri basi, dereva wangu," alisema akimfunga kifungo cha juu. Binti yao alikuwa mlangoni akipiga mswaki. Alitema povu akauliza, "Baba, leo ukipita na lori utapiga honi?"

"Nitapiga mpaka majirani wahame."

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Kabari, kwa sababu ya kile kipande cha mti alichohangaika nacho miaka yote ya utingo. Lori la tajiri lilikuwa na breki ya mkono ya urembo tu: unaivuta vizuri, na lori linaondoka vilevile. Basi kila waliposimama mlimani, dereva alikanyaga breki ya mguu, na Kabari akaruka chini kuisukumiza kabari nyuma ya gurudumu. Hata siku alizoendesha yeye mwenyewe akijifunza, dereva mzee, ambaye magoti yalishamkataa, alinyoosha mguu akakanyaga breki, na Kabari akaruka. Tajiri alisema breki ya mkono ataitengeneza mwezi ujao. Kila mwezi, mwezi ujao.

Sasa macho ya mzee yalikuwa yamekwisha, na tajiri alisema wazi: "Leta leseni leo, lori ni lako. Mzigo unaondoka mchana."

Lori la mtihani lilikuwa jipya, la chuo cha udereva chenyewe. Kabari alirudi kinyumenyume katikati ya mapipa bila kugusa hata moja. Alikata kona, akabadilisha gia bila kelele. Mkaguzi, mtu wa kununa kwa kawaida, akaguna, "Wewe hujaanza leo."

Wakaingia kwenye mwinuko. "Simama hapa," mkaguzi alisema.

Kabari alisimama. Alivuta breki ya mkono. Halafu akajikuta chini, ameinama kando ya gurudumu la nyuma, mikono inapapasa kutafuta kipande cha mti ambacho hakikuwepo. Lori lilitulia tuli, halikusogea hata kidogo.

"Unatafuta nini huko?" Kichwa cha mkaguzi kilichomoza dirishani.

"Kabari, mkuu."

"Ya nini? Hili lina breki!"

Kabari alijua. Miguu yake ndiyo haikujua.

"Sasa nikusaidieje, ndugu yangu?" mkaguzi alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Umeacha usukani katikati ya barabara. Hapo hata ungekuwa malaika, umefeli. Rudi baada ya miezi mitatu."

Tajiri aliposimuliwa alicheka mpaka akashika meza. "Ulishuka? Jamani! Dereva anashuka kuweka kabari!" Alijifuta machozi, akafungua droo, akamrushia funguo mpwa wake, kijana aliyepata leseni majuzi kwenye lori lilelile jipya la chuo. "Sheria ni sheria, Kabari. Mzigo haungoji mtu. Utakaa naye, umwonyeshe njia."

Breki mbovu ni ya tajiri, uchoyo ni wake, na kicheko pia kikawa chake. Kabari alisema, "Sawa, tajiri." Alivua lile shati, akalikunja vizuri, akavaa ovaroli.

Mlimani msururu wa magari ulisimama. Mpwa alivuta breki ya mkono, akaachia ya mguu. Lori likaanza kurudi nyuma. "Mungu wangu! Haishiki!" alipiga kelele, lakini Kabari alikuwa chini zamani, na kabari ilikuwa mahali pake.

"Mbona hukuniambia?" mpwa alilalamika dirishani, jasho linamtiririka.

"Ungesoma na lori hili ungejua."

Simu ikamlilia mfukoni. Alipokea akiwa amechuchumaa, bega limeegemea tairi la moto.

"Dereva wangu, vipi? Umepata?" mkewe aliuliza, kisha akasikia ngurumo ya injini, asingoje jibu. "Eh! Uko safarini tayari! Na unapokea simu huku unaendesha? Kata, bwana, utaua watu! Mwanao yuko barabarani anakusubiri."

"Haya, mama. Nakata."

Alibaki pale chini, analia bila sauti, mpaka magari ya mbele yalipoanza kwenda. Kisha akachomoa kabari, akapanda.

Nyumba yao ilikuwa baada ya kona ya pili. "Bosi," alimwambia yule kijana, "pale kwenye duka la rangi, naomba upige honi."

"Kuna nini?"

"Wewe piga tu. Piga sana."

Kijana akapiga. Binti alikuwa kando ya barabara, anarukaruka, anapunga mikono yote miwili, anaita, "Baba! Baba!" Kabari alimsikia vizuri. Alikuwa ameinama chini kabisa, kichwa katikati ya magoti, ameikumbatia kabari, asionekane amekaa upande usio na usukani.