Maswali Ishirini na Tisa

Watoto wa darasa la tano walimpa jina la Mwalimu Waya siku ya pili tu, na jina likamkaa. Nani angewalaumu? Mwanachuo wa ualimu, mwaka wa mwisho, kaletwa shuleni kwa mafunzo ya vitendo, na badala ya kuingia na chaki na kitabu kama wenzake, yeye anaingia na begi linalomwaga nyaya: waya wa projekta, waya wa spika, waya wa kompyuta, na waya mwingine ambao hata mwenyewe hakujua ni wa nini, ila aliogopa kuuacha nyumbani.

Na raha aliyokuwa nayo! Usingemgusia habari za teknolojia darasani kama una haraka zako, maana hapo ungekaa hadi miguu ife ganzi. Darasa lake, alisema, halitalala. Moyo utadunda ukutani watoto wakiuona, mlima utatema moto mbele ya ubao, na yeye atakuwa katikati akiwaelekeza. Alikuwa akiyasema hayo macho yanamng'aa kama mtu aliyetoka kuposwa.

Ijumaa ya wiki ya mwisho ya mafunzo, mkaguzi kutoka chuoni alikuwa anakuja kumwona akifundisha kwa mara ya mwisho. Alama hamsini, amekuwa mwalimu. Chini ya hapo, arudie mwaka mzima, wenzake wote wakiwa wameshapata madarasa yao.

Kwa hiyo Jumatatu akafanya jaribio. Somo lilikuwa maji kugeuka mvuke. Alikuwa na picha thelathini na mbili, matone yanapanda, mawingu yanatembea, na muziki juu yake. Mwalimu mkuu alikuwa amemruhusu kurekodi vipindi vyake, basi akaitega simu dirishani ili baadaye awatambie wenzake wa chuo. Watoto walipiga makofi mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia. Wee! Siku hiyo hakutembea kurudi nyumbani, alielea.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Mwalimu Waya akaketi juu ya rundo la vitambaa, akaiwasha rekodi ili mama naye asikie. Mama alishona, akasikiliza, akashona, halafu akasimamisha mguu.

"Mwanangu," akasema, "hao watoto unawauliza, au unajiuliza mwenyewe?"

Binti akajibu kwamba anawauliza wao, bila shaka. Mama hakubishana, akaendelea na pindo lake. Lakini neno lilishaingia. Mwalimu Waya akairudisha rekodi mwanzo, akachukua chaki ya kuchorea vitambaa na kipande cha karatasi, akaanza kupiga vistari. Katika dakika arobaini aliuliza maswali ishirini na tisa. Ishirini na matatu aliyajibu mwenyewe, tena papo hapo, kabla hata mtoto hajafumba mdomo wa mshangao. Sita yaliyobaki yalijibiwa na yule wa dawati la mbele waliyemwita Redio, ambaye hujibu hata asichoulizwa. Darasa lilikuwa na watoto hamsini na wawili, na sauti zilizosikika zilikuwa mbili.

Aibu ilimshika, ile aibu ya kutaka kujifunika shuka gubigubi. Chuoni walikuwa wamefundishwa kumpa mwanafunzi muda wa kufikiri, naye akaandika daftarini na kupigia mstari wa wino mwekundu. Lakini nyani haoni kundule, na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Sasa simu, kifaa cha kulala mfukoni, ndiyo imemwonyesha! Aibu ile haikudumu hata robo saa. Alisimama, akaanza kuzunguka chumba akiruka mapande ya nguo.

"Mama, kumbe mimi ndiye ninayewanyamazisha!" akasema, na kwa furaha aliyoisema nayo ungedhani ameshinda bahati nasibu.

Akajiwekea sharti: akiuliza, ahesabu moyoni hadi saba ndipo afungue mdomo. Jumanne alifika tatu, ulimi ukamsaliti. Jumatano alifika tano, lakini rekodi ikamwumbua, maana alikuwa akijaza kimya kwa "eeh? eeh?" kama mtu anayefukuza kuku. Alhamisi alifika saba kamili, na hakujibu mtu. Ila safari hii alisikia watoto wakinong'onezana majibu madawatini, na usiku huo, kwa kuwa picha nazo zilikuwa zikiwajibia, akafuta thelathini na moja za somo la mvuke alilokusudia kulirudia kesho yake, akabakiza moja.

Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima aliyempenda, alishika kichwa. Alimkumbusha kwamba fomu ya mkaguzi ina alama kumi za teknolojia peke yake, na kwamba kwa picha moja anajichimbia kaburi.

Ijumaa mkaguzi akaketi nyuma na kalamu yake, simu ikiwa dirishani kama kila siku. Mwalimu Waya akaweka picha ukutani: shati la shule limeanikwa kwenye kamba, linachuruzika. Akasema jioni shati hilo lilikuwa kavu. Maji yalikwenda wapi?

Kimya. Redio akanyoosha mkono, akaonyeshwa kwa kidole asubiri. Tano. Sita. Saba. Mkaguzi akainua uso. Nane, tisa, na jasho linamshuka mwalimu mgongoni. Kwenye kumi na moja, binti wa dawati la mwisho, aliyehamia muhula ule na asiyewahi kusema darasani, akasimama.

"Yako humu humu, mwalimu," akasema. "Tunayavuta puani."

Kimya kingi kina mshindo, bwana! Mmoja akadai jua limeyanywa, mwingine akamwuliza mbona shati hukauka hata kivulini, wa tatu akataka kujua kwa nini basi pua hazilowi. Kengele ililia wakiwa bado wanabishana, nusu ya darasa wamesimama.

Ofisini mkaguzi akamwonyesha fomu. Jumla arobaini na nane. Kwenye teknolojia, mbili kati ya kumi. Alimwambia, kwa upole, kwamba somo lilikuwa zuri lakini alichokiona ni picha moja tu.

Mwalimu Waya alijua cha kufanya. Ili ajitetee ilimbidi aanike ubovu wake mbele ya mtu mwenye kalamu. Akaiweka simu mezani, akawasha rekodi ya Jumatatu.

Simu ikauliza, ikajijibu. Ikauliza tena, ikajijibu. Mkaguzi alisikiliza dakika tano. Kisha Mwalimu Waya akaweka ya Ijumaa, na wote wawili wakakaa ndani ya zile sekunde kumi na moja mpaka ile sauti ndogo ilipotoka.

"Hii ndiyo teknolojia yangu," akasema. "Nilikuwa nawaelekezea wao. Sasa najielekezea mimi."

Mkaguzi akavua miwani, akakata mbili, akaandika tisa, akasaini kwenye marekebisho. Halafu akatoa simu yake mwenyewe kwenye mkoba, akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Nionyeshe pa kubonyeza," akasema. "Jumatatu nina kipindi chuoni, na miaka ishirini na mitatu nafundisha sijawahi kujisikiliza."