Vifungo vya Matundu Manne

Hakukuwa na fundi wa nguo mwenye jicho kali kama Mama Vifungo. Kwa miaka arobaini, mwenyewe alisema, hakuna kifungo kilichotoka kwake kikiwa kimekaa pasipo pake. Isipokuwa kile cha koti la harusi la mwanawe. Na koti lile, jamani, lilipigwa picha, picha ikatiwa fremu, fremu ikatundikwa juu ya cherehani, na hata mteja aliyekuja kupunguza suruali alikuwa hana budi kuliona: vifungo vitatu vyeusi, viwili vya matundu manne, na cha katikati cha matundu mawili, kimekodoa macho kama mgeni asiyealikwa.

Jumamosi moja mchana, binti wa huyo bwana harusi aliingia na daftari kifuani. Kwa wembamba wake walimwita Kijiti. Alijipenyeza chini ya meza ya kukatia, akaanza kulia.

"Nani kakupiga?" Mama Vifungo akauliza.

"Hisabati, Bibi."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Kijiti alifeli jaribio la aljebra. Mwalimu amempa nafasi ya mwisho, Jumatatu asubuhi. Akifeli tena, anarudishwa darasa la nyuma, akae na watoto wanaomfika kiunoni.

"Wakinirudisha, shule basi," Kijiti akasema, akifuta pua kwa kipande cha bitana.

Mguu wa Mama Vifungo ukasimama juu ya pedali. Maneno hayo aliyajua. Aliwahi kuyasema mwenyewe, na kwa bahati mbaya akayatimiza.

"Toka huko chini," akasema. "Aljebra inakuliza wewe, mjukuu wangu mimi? Nilikuwa wa kwanza darasa zima! Mwalimu akikwama, ananiita mimi."

Nje kidogo ya mlango, Fundi Soli, mshona viatu aliyesoma naye darasa moja, alikohoa hadi msumari alioubana midomoni ukaruka nje.

"Pole na kikohozi," Mama Vifungo akamwambia, kwa jicho la kumnyamazisha.

Akafungua daftari. Lo! Namba na herufi zimekumbatiana kama watu kwenye foleni ya maji. Hakuelewa hata moja. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Hii eksi ni nini?"

"Si unajua, Bibi?"

"Mimi najua. Nataka kuona kama wewe unajua."

Basi Kijiti akaeleza. Eksi ni kitu ambacho hatujaambiwa thamani yake. Wai ni kitu kingine. Unatakiwa kurahisisha, yaani kuandika kwa ufupi. Yeye alipewa 3x + 4y, akaandika 7xy, na mwalimu akapiga mkasi mwekundu wa kosa.

Mama Vifungo alitazama huo mkasi mwekundu muda mrefu. Kisha akainuka, akashusha makopo yake kutoka rafuni, akamwaga vifungo kwenye sinia.

"Hivi vikubwa vitatu. Hivi vidogo vinne. Una nini?"

"Vifungo saba."

"Mteja anataka vikubwa saba vya koti. Utampa?"

"Hapana. Vikubwa viko vitatu tu."

"Sasa mbona daftarini umemchanganyia? Vikubwa vitatu na vidogo vinne, ukimaliza hapo umemaliza. Usilazimishe ndoa."

Kijiti akaacha kulia. Akasogeza kiti, akafungua ukurasa wenye swali lililomtoa jasho kuliko yote:

7x² + 3x − 2x² + 4 + x

"Hizi eksi mbili hazifanani," akalalamika. "Moja ina kadogo juu. Lakini zote si eksi?"

Hapo Mama Vifungo akagusa kale kadogo kwa kidole. Akainua macho ukutani. Mwanawe alikuwa akimtazama kutoka kwenye fremu, na kile kifungo nacho kikimtazama. Ghafla akapiga paja.

"Muone baba yako! Weusi mmoja, ukubwa mmoja, lakini matundu mawili si matundu manne. Niliviweka pamoja, na dunia nzima inanicheka mpaka leo. Hiyo yenye kadogo juu ndiyo ya matundu manne. Kila kimoja kopo lake!"

Vidole vya Kijiti vikaanza kukimbia kwenye sinia. Vya matundu manne, vifungo saba. Vya matundu mawili, vifungo vitatu. Alama ya kutoa iko mbele ya zile mbili zenye kadogo juu, basi akaondoa viwili vya matundu manne, vikabaki vitano. Nne haina herufi, akaweka sindano nne pembeni, hazihusiani na kifungo chochote.

"Na hii eksi ya mwisho haina namba, Bibi. Ni sifuri?"

"Nikishika kifungo kimoja, mkono wangu mtupu?"

"Moja! Tatu na moja, nne!" Akaandika kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka: 5x² + 4x + 4.

Walirudia hadi wateja wawili wakaondoka na suruali zisizo na vifungo.

Jumatatu saa saba mchana, Kijiti alitokea kona ya mtaa akikimbia, karatasi juu kama bendera. Nyuma yake mwalimu wa hisabati, kijana mwenye chaki hadi nyusi, alikuwa akihema.

"Ishirini kwa ishirini!" Kijiti akapaza sauti.

Mama Vifungo alipiga kigelegele kilichosimamisha baiskeli. Fundi Soli akagonga ndara kwa nyundo kama ngoma. Kijiti akanyanyuliwa juu ya meza ya kukatia, pale pale alipolilia chini yake, akacheza mpaka sindano zikamwagika.

"Amewaeleza wenzake kwa vifungo," mwalimu akasema. "Nusu ya darasa wameelewa leo! Bibi, nimesikia ulikuwa wa kwanza kwa aljebra."

"Darasa zima," Mama Vifungo akasema, kidevu juu.

"Basi wiki ijayo njoo utusaidie na mabano." Akaokota chaki ya kuchorea nguo, akaandika mezani: 2(x + 3). "Hii ungeanzaje?"

Mama Vifungo akavaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.

"Mimi najua," akasema taratibu. "Nataka kuona kama wewe unajua."

Juu ya meza, Kijiti akaacha kucheza. Akamtazama bibi yake, macho yakipanuka.

"Bibi! Jumamosi uliniambia hivyo hivyo kuhusu eksi!"

"Msimwonee," Fundi Soli akasema kutoka mlangoni. "Alikuwa wa kwanza kweli. Kengele ikilia, wa kwanza kutoka nje."